Madhabahu juu ya Soko

Sakafuni, mbele ya madhabahu ya Kanisa Kuu la Kristo mjini Zanzibar, pana duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa marumaru nyekundu. Mapokeo yanasema hapo ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa mijeledi, ili mnunuzi aone nani anastahimili na nani analia. Aliyestahimili, bei yake ilipanda. Nyekundu ile ni damu. Wenyeji wa Mji Mkongwe hawaliiti jengo hili kwa jina lake refu, wao husema tu Kanisa la Mkunazini, kwa jina la mtaa. Ukarabati wake mkubwa, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kuratibiwa na World Monuments Fund, ulikamilika mwaka 2016. Kuta na paa vilitengenezwa, na katika jengo la jirani pakafunguliwa maonyesho ya historia ya utumwa wa Afrika Mashariki. Wageni humiminika kila siku, na waumini wanaendelea kusali humo kama walivyosali babu zao. Lakini lipo swali ambalo fundi hawezi kulijibu kwa mwiko na chokaa, nalo limekaa chini ya lile duara tangu lilipowekwa: mahali palipotendwa uovu wa namna ile hutakasika? Na kama hutakasika, nani mwenye mamlaka ya kutangaza kwamba sasa pametakata?

Jibu la haraka, ambalo wengi huondoka nalo, ni kwamba pametakaswa zamani. Jibu hili linavutia kwa sababu lina mtiririko wa hadithi nzuri. Mwezi Juni 1873 Sultan Barghash bin Said, akitishiwa na Waingereza kwamba kisiwa chake kingezingirwa kwa manowari, alikubali mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukomesha usafirishaji wao baharini. Misheni ya Vyuo Vikuu, ile UMCA ambayo jina lake bado linatajwa Masasi na Magila, ikapata kiwanja cha soko. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi likawekwa. Miaka michache baadaye, chini ya usimamizi wa Askofu Edward Steere, pakasimama kanisa la mawe ya matumbawe, paa lake limepinda kama pipa lililolazwa. Soko limekufa, kanisa limezaliwa. Mjeledi umetoka, msalaba umeingia. Ukilitazama hivyo, kanisa lenyewe ni nishani ya mshindi, na kulikarabati ni kuing'arisha nishani.

Hadithi hii inakwama kwenye kalenda. Mkataba wa 1873 ulifunga soko, haukufuta utumwa. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yaliendelea kulimwa, kupaliliwa na kuchumwa na watumwa wakati kuta za Mkunazini zikipanda, na hata baada ya kanisa kuezekwa na kuanza kutumika. Amri iliyoondoa hadhi ya utumwa kisheria ilitolewa Aprili 1897, zaidi ya miaka ishirini na mitatu baada ya jiwe la msingi, na ukiisoma amri yenyewe unaona jinsi ilivyokuwa na mkono mzito. Mtumwa hakuamka asubuhi akajikuta huru. Alitakiwa aende mwenyewe kuudai uhuru wake mbele ya mahakama, tena aonyeshe kwamba ana makazi ya kueleweka na njia ya kujikimu, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Bwana wake aliyethibitisha hasara alilipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Kwa hiyo kwa miaka mingi zaburi ziliimbwa juu ya lile duara katika nchi ambamo mtu bado aliweza kummiliki mtu mwenzake, na waimbaji walilijua hilo, maana karafuu ilinukia mji mzima. Nishani hutolewa baada ya vita. Hii ilitolewa vita vikiwa havijaisha, na ndiyo maana nasema haikuwa nishani kamwe. Ilikuwa ahadi. Steere na wenzake, wakijua au wasijue, waliweka mahali pale neno lililotangulia tendo: kwamba hapa alipofanywa mtu kuwa bidhaa, hatafanywa tena.

Tofauti ya ahadi na nishani si mchezo wa maneno. Nishani haidaiwi kitu. Ahadi ina mdai. Na mdai wa ahadi ya Mkunazini ni nani? Hapa lugha yetu inatusaidia kuliko wengi wanavyotambua. Neno tulilolichukua kumwita Kristo, Mkombozi, ni neno la biashara. Mtu hukomboa mkufu aliouweka rehani, hukomboa shamba, na katika mwambao wa karne ya 19 alikomboa mtumwa: alilipa, akamtoa mikononi mwa aliyemmiliki. Steere, aliyechapisha kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870 na kushughulika miaka mingi na tafsiri ya Maandiko, alikuwa akihubiri ukombozi kwa watu waliojua bei yake kwa sarafu. Lakini ukombozi wa sokoni una kasoro moja kubwa: anayelipwa ni mwenye mali. Aliyeteseka anatoka, ndiyo, ila katika hesabu yote hakuna senti inayomhusu, na hakuna anayemuuliza. Fidia ya 1897 ilifuata hesabu hiyohiyo ya soko. Serikali iliona deni, ikalilipa kwa aliyechukua, ikampita aliyechukuliwa.

Dini zote mbili kubwa za mwambao zinaikataa hesabu hiyo. Katika Injili, Zakayo mtoza ushuru hatangaziwi wokovu kwa sababu amejisikia vibaya, bali anasimama na kusema atamrudishia aliyemdhulumu, tena mara nne. Na Mwislamu yeyote aliyesoma chuoni anajua tofauti kati ya haki ya Mungu na haki za waja: dhambi iliyo baina yako na Mola wako unaweza kuitubia usiku chumbani, lakini dhuluma uliyomtendea mja haiondoki mpaka yeye mwenyewe akusamehe au alipwe haki yake. Mafundisho haya mawili yanakutana mahali pamoja. Hakuna mtu wa tatu anayeweza kusamehe kwa niaba ya aliyedhulumiwa, awe askofu, sultani, balozi au mfadhili. Waliouzwa Mkunazini wamekufa, wengi katika nchi ambazo hata hatujui walizikwa wapi. Kwa hiyo hayupo mwenye mamlaka ya kutangaza kwamba mahali pale pametakata. Hata hivyo sisemi kwamba pamelaaniwa milele. Ninachosema ni kwamba pamebaki katika hali ya ahadi, na kila kizazi kinachoingia mle kinairithi ikiwa haijakamilika.

Pingamizi la kwanza ni zito, na sitaki kulipita kwa haraka. Mtu atasema: huko ni kupamba. Kanisa lile ni alama ya ushindi wa dola moja juu ya nchi nyingine na wa dini moja juu ya nyingine, katika mji ambao wakazi wake karibu wote ni Waislamu. Lilijengwa ili kila atakayelitazama akumbuke kwamba Mwarabu aliuza na Mzungu akaokoa. Ushahidi wa pingamizi hili uko ndani ya kanisa. Dirisha moja la vioo vya rangi ni la kumkumbuka mmisionari David Livingstone. Jingine ni la mabaharia wa Kiingereza waliokufa wakiyafukuza majahazi ya watumwa. Steere mwenyewe amezikwa nyuma ya madhabahu. Waokoaji wana majina na sura. Waliookolewa wana rangi ya jiwe sakafuni. Na picha hiyo ya muuzaji mmoja na mwokozi mmoja si kweli. Soko la Zanzibar lilikuwa na wateja na washirika wa kila namna: wenye mashamba ya miwa wa Kifaransa katika visiwa vya Bahari ya Hindi, Wareno wa upande wa Msumbiji, matajiri wa Kihindi waliokopesha mitaji ya misafara, machifu wa bara waliouza mateka, na sisi Waswahili wenyewe, tuliokuwa viongozi wa misafara na wenye nyumba zenye watumwa jikoni. Uingereza, baada ya kuitangaza Zanzibar nchi ya himaya yake mwaka 1890, iliendelea kuisimamia miaka saba mingine utumwa ukiwa halali. Wala vitabu vitakatifu havimpi mtu pa kujificha. Sheria ya Kiislamu ilifanya kumwacha mtumwa huru kuwa ibada na kafara ya makosa mengi, na bado masoko yalijaa. Paulo alimwandikia Filemoni ampokee Onesimo, mtumwa wake, kama ndugu, na bado Wakristo waliendelea kumiliki ndugu zao kwa karne nyingi.

Nalikubali pingamizi lote, na bado halibomoi hoja, linaijenga. Kama kanisa lingekuwa nishani, ukweli huu ungeliaibisha na ingebidi ufichwe. Kwa kuwa ni ahadi, ukweli huu ni sehemu ya kuitimiza. Ndiyo maana kitu cha maana zaidi katika kazi iliyokamilika 2016 naona si paa, ingawa bila paa hakuna kingine. Ni yale maonyesho ya jirani, ambako habari ya biashara ile inaelezwa kwa mapana kuliko vioo vya madirishani vinavyoweza kueleza. Kuta mbili zinazotazamana, moja ikisimulia waokoaji na nyingine ikisimulia waliouzwa, ni afadhali mara nyingi kuliko ukuta mmoja mzuri.

Pingamizi la pili linahusu ukweli wenyewe. Chini ya jengo lile la jirani kuna vyumba viwili vya kushuka kwa ngazi, dari fupi, hewa nzito, vitundu vyembamba vya mwanga, na minyororo. Mgeni huambiwa kwamba watumwa walirundikwa humo wakisubiri kuuzwa. Wapo wanahistoria wanaolitilia shaka hilo, kwa sababu jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa. Kuhusu mti wa mijeledi nako tumebaki na mapokeo. Je, imani inayosimama juu ya mambo yasiyothibitika haijajenga mchangani? Wapo wanaojibu kwamba haidhuru, maana kinachotakiwa ni mgeni aguswe. Jibu hilo silipendi hata kidogo. Mtu aliyenyang'anywa jina, kijiji na wazazi hastahili kunyang'anywa tena habari yake ya kweli ili mahali pake apewe habari inayoliza zaidi. Soko lilikuwapo, wasafiri na mabalozi waliliona na kuliandika, na mkataba wa kulifunga upo. Hayo yanatosha kumtetemesha yeyote mwenye moyo. Kama vyumba vile havikuwa vya watumwa, na isemwe hivyo waziwazi pale penye ngazi, na mgeni ataona kwamba wanaotunza kumbukumbu hii hawaitumii kama chambo. Na duara la marumaru? Hapo naona jambo jingine kabisa. Hata ikibainika siku moja kwamba mti ulisimama hatua kumi upande wa kisima au wa barabara, lile duara halijakuwa uongo, kwa sababu halikuwekwa kama kigingi cha mpima ardhi. Liliwekwa kama ungamo. Waliojenga wangeweza kuweka madhabahu popote katika kiwanja kile na kulisahau soko. Waliliweka soko katikati ya ibada, mahali ambapo kuhani hawezi kusogea bila kulitazama.

Wapo pia wasemao kanisa lingeachwa tu lizeeke lianguke, au libaki gofu, maana gofu ni kweli kuliko jengo lililotiwa chokaa mpya. Nayaheshimu magofu; Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ingawa ni gofu, bado unafundisha. Lakini gofu lina tabia ya kuufanya uovu uonekane wa kale mno, kama ugomvi wa majini. Majani yakimea ukutani, jicho huanza kutafuta uzuri badala ya haki. Isitoshe, mji huu unajua gharama ya kuchelewa: Beit al-Ajaib, jumba la Barghash huyohuyo, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Fedha za ukarabati je, si zingepewa maskini? Zingeweza, ila sijaona mahali ambapo kuacha paa livuje kulimshibisha mtu.

Kinachonigusa zaidi katika ukarabati wa majengo ya aina hii ni jambo la ufundi ambalo mafundi wa Mji Mkongwe wanalijua kwa mikono. Jiwe la tumbawe hunywa maji na lina chumvi ndani. Ukilipaka chokaa, unyevu unapata njia ya kutoka, ukuta unapumua, na chokaa yenyewe inazeeka na kupakwa upya kila baada ya muda. Ukilipaka saruji, ukuta unapendeza siku chache, mgumu na laini, kisha unyevu uliofungiwa unaanza kula kutoka ndani, chumvi inatoka kama unga mweupe, na lipu inabanduka kwa mapande. Nyumba nyingi za mji ule zimeharibiwa na watu waliotaka kuzitengeneza mara moja tu zisisumbue tena. Chokaa haina ahadi ya namna hiyo. Anayeichagua anakubali kwamba mwanawe naye atapanda jukwaa, na mjukuu wake pia. Sijui somo la historia lililo wazi kuliko hilo, na nafurahi kwamba limo ukutani kwenyewe na si kwenye hotuba.

Nje, uani, kuna sanamu aliyoichonga Clara Sörnäs wa Sweden mwaka 1998: watu watano wamesimama ndani ya shimo, minyororo shingoni. Kwa kuwa wako shimoni, mtazamaji yuko juu yao. Anawatazama kwa kuinamisha macho, anazunguka, anachagua pembe ya kupigia picha. Mahali anaposimama ni mahali pa mnunuzi. Nadhani hakuna kinachosema kweli katika kiwanja kile kuliko msimamo huo tunaopewa bila kuombwa ruhusa, na kila nikiuwaza naona jinsi swali la kutakasika linavyorudi kwa anayeuliza. Ndani ya kanisa, upande wa nyuma, kuna nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu. Husimuliwa kwamba Steere alikuwa hayupo mafundi walipozisimamisha, na aliporudi akaziacha. Wakarabati nao wameziacha. Hatujui majina ya waliozibeba. Lakini kati ya vioo na marumaru na majina ya maaskofu, kosa lile ndilo saini yao pekee inayosomeka, na lingesahihishwa, kanisa lingekuwa sahihi zaidi lakini lenye ukweli pungufu.

Na kuna msalaba wa mbao. Umetengenezwa kwa mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambao chini yake moyo wa Livingstone ulizikwa mwaka 1873, mwaka uleule wa mkataba na wa jiwe la msingi. Watu huusogelea kwa ajili ya Livingstone. Waliouzika moyo ule, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauzungushia gome la mti na kuubeba kwa miguu kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, ni wafuasi wake Waafrika, wakiongozwa na Susi na Chuma. Chuma aliwahi kuwa mtoto ndani ya msafara wa watumwa, akaachiliwa mwaka 1861 karibu na mto Shire. Alikufa Zanzibar mwaka 1882, mwaka aliokufa Steere. Mtumwa, kwa asili ya neno lenyewe, ni mtu wa kutumwa: huenda anakoelekezwa na mwingine. Pale Chitambo, mwenye kutoa amri alikuwa amekufa, pwani ilikuwa mbali, na njiani palikuwa na vita, njaa na maradhi. Wangeweza kuuzika mwili wote pale pale na kutawanyika, na hakuna ambaye angewalaumu. Wakakaa wakashauriana, wakaamua kumpeleka kwao. Hakuna aliyewatuma.